Mwenyekiti wa shirikisho la mbio za magari: klabu za Nakuru, Kisumu na magharibi zimpime mgombea kwa lipi?

Mwelekezi_Nakuru (mwanzisha uzi)

Wadau, salamu kwenu nyote. Uchaguzi wa shirikisho letu la mbio za magari na pikipiki Kenya (KMSF) ukikaribia, mazungumzo huku kwetu huanzia pale pale: fulani aliendesha gari gani, alishinda duru ngapi, ana pesa kiasi gani. Naomba safari hii tuanzie kwenye kazi yenyewe, halafu ndipo tutafute wa kuifanya.

Tangu 2021 Safari Rally ya ubingwa wa dunia inakimbiwa Naivasha. Kedong, Soysambu, Elmenteita, Sleeping Warrior, mikondo hiyo yote (vipande vya njia ambavyo magari hukimbia yakipimwa muda) imo ndani ya kaunti yetu. Lakini vumbi kutimka kwetu hakutupi sauti mezani. Safari ni wiki moja. Wiki zile nyingine mwenyekiti na kamati yake ndio wanaopanga kalenda ya taifa, wanaotoa leseni za madereva na waelekezi (wanaokaa kando ya dereva wakimsomea njia), wanaoteua wasimamizi na wakaguzi, wanaoidhinisha kanuni za kila shindano, na wanaotuwakilisha mbele ya mashirikisho ya dunia, FIA kwa magari na FIM kwa pikipiki. FIA hutambua shirika moja tu la michezo kwa kila nchi. Hilo likilala, hakuna mlango wa pili wa kubisha.

Tazameni FIA yenyewe. Tarehe 23 Oktoba 2009, mjini Paris, wagombea wa urais walikuwa wawili. Ari Vatanen tunamjua hapa: bingwa wa dunia wa 1981, mshindi wa Safari ya 1983 akiwa na Opel Ascona 400. Mwenzake Jean Todt alianzia kiti cha kulia, mwelekezi, kisha akaongoza timu ya Peugeot na baadaye Ferrari. Todt alipata kura 135, Vatanen 49. Tungeuliza nani ana kasi, jibu lingekuwa Vatanen bila ubishi. Wanachama walimpa kiti aliyekuwa ameongoza mashirika makubwa kwa miaka mingi.

Kwa hiyo swali langu: sisi tumuulize mgombea nini, na majibu yake tuyapime vipi?

---

Gia_ya_Tatu

Ndugu Mwelekezi, hapo umechagua mfano unaokufaa. Mwaka 2021 mambo yalienda kinyume. Mohammed Ben Sulayem, bingwa wa mbio za magari Mashariki ya Kati mara 14, alipata asilimia 61.62. Graham Stoker, wakili aliyekuwa naibu wa Todt upande wa michezo, alipata asilimia 36.62. Dereva alimshinda mtu wa makaratasi, na si kwa kura chache.

Mtu ambaye hajawahi kufungwa mikanda ndani ya gari la mbio hawezi kuelewa kwa nini mkondo wa kilomita 25 kwenye udongo wa pamba nyeusi, unaonata na kuteleza ukilowa, mwezi wa Aprili ni hatari. Atasaini karatasi tu.

---

Mwelekezi_Nakuru

Nakubali nusu. Kuendesha gari hakumharibii mtu sifa, na sijasema hivyo. Ninachokataa ni kulifanya kuwa kigezo cha kwanza. Ben Sulayem mwenyewe hakuingia 2021 akiwa dereva tu. Alikuwa ameongoza klabu ya magari ya nchi yake na kuwa makamu wa rais wa FIA, na hizo ndizo nyadhifa zinazokutanisha mtu na wapiga kura.

Tena tazama kilichofuata. Naibu wake wa michezo alikuwa Robert Reid, mwelekezi aliyekaa kulia kwa Richard Burns waliposhinda ubingwa wa dunia 2001, na pia walipoishinda Safari ya 1998 na ya 2000. Aprili 2025 Reid alijiuzulu akilalamikia kuvunjika kwa viwango vya uongozi ndani ya shirika. Mabingwa wawili, kambi moja, wakatengana juu ya jinsi maamuzi yanavyofanywa. Ujuzi wa gari waliokuwa nao haukuwasaidia kukubaliana ni nani aitwe mezani kabla uamuzi haujatoka. Hilo ndilo la kumuuliza mgombea.

---

Wakili_Kakamega

Niwaongezee jambo ambalo wengi hulipita. Tangu 2009 FIA imefanya chaguzi tano za urais: 2009, 2013, 2017, 2021 na 2025. Ni mbili tu zilizofika kwenye kura zikiwa na wagombea wawili. 2013, David Ward alijitoa. 2017, hakuna aliyejitokeza kumpinga Todt. 2025, mgombea mmoja tena.

Ya 2025 isomeni vizuri kwa sababu inafundisha. Kanuni za FIA zinamtaka mgombea urais aje na orodha kamili ya timu yake, na ndani yake makamu wa rais wa michezo kutoka kila ukanda wa dunia. Makamu hao hawaokotwi popote. Lazima wawe kwenye orodha ya waliopendekezwa kuingia Baraza la Dunia la Michezo ya Magari. Kwa Amerika Kusini, jina lilikuwa moja tu: Fabiana Ecclestone wa Brazil, na tayari alikuwa upande wa Ben Sulayem. Mtu mmoja hawezi kuwa kwenye orodha mbili. Basi mpinzani, awe Tim Mayer au Laura Villars, asingeweza kukamilisha orodha hata akiungwa mkono na nusu ya dunia. Mayer alijiondoa Oktoba. Villars akaenda mahakamani Paris. Mahakama haikusimamisha uchaguzi, nao ukafanyika Tashkent tarehe 12 Desemba 2025.

Hakuna aliyeiba kura hapo. Mlango ulifungwa na masharti ya uteuzi, miezi kabla ya kura. Kwa hiyo klabu ikitaka kujua kama uchaguzi wake una maana, ifungue katiba ya shirikisho kwenye ibara ya uteuzi kabla ya kusoma manifesto ya mtu. Mgombea anahitaji klabu ngapi za kumpendekeza? Klabu moja inaweza kupendekeza wawili? Lazima awe aliwahi kuhudumu kwenye kamati kuu, na kwa muda gani? Nani anaamua kwamba fomu haijakamilika, na je, huyo naye ni mgombea? Akikataa fomu, kuna siku ngapi za kukata rufaa kabla ya mkutano mkuu?

Hilo la mwisho ndilo huwaumiza watu. Ukiona fomu zinarudishwa siku 14 kabla ya mkutano na rufaa inasikilizwa ndani ya siku 21, jua rufaa inaweza kusikilizwa baada ya mshindi kuapishwa.

---

Mdau_Bondo

Wakili asante. Sisi ni klabu changa, vijana wa enduro (pikipiki za njia za porini) na watatu wana magari ya autokrosi (mbio fupi za njia ya udongo). Tuna cheti cha vyama vya kijamii tulichopata zamani. Je, tunaruhusiwa kupiga kura?

---

Wakili_Kakamega

Mdau, cheti hicho peke yake hakitoshi. Sheria ya Michezo ya 2013, kifungu cha 46, inakataza shirika lolote kufanya kazi kama shirika la michezo bila kusajiliwa na Msajili wa Michezo. Kuna ngazi tatu: klabu, chama cha kaunti, na shirika la taifa. Ninyi mnaingia kama klabu.

Fuateni mpangilio huu msije mkafanya kazi mara mbili. Kwanza, mkutano wa wanachama upitishe katiba ya klabu na kuchagua viongozi. Muhtasari uandikwe siku hiyo hiyo na orodha ya waliohudhuria iwe na saini zao. Pili, pelekeni maombi kwa Msajili. Cheti kikitoka, ndipo muombe uanachama wa shirikisho kwa barua, mkiambatisha nakala ya cheti, katiba na majina ya viongozi. Tatu, lipeni ada kwenye akaunti ya benki au nambari ya malipo ya shirikisho, si kwenye simu ya mtu. Nne, subirini barua ya kukubaliwa. Risiti bila barua haiwafanyi kuwa wanachama.

Kinachokwamisha klabu za huku mara nyingi ni jina. Cheti kinasema "Bondo Off-Road and Enduro Club", risiti inasema "Bondo Enduro", barua ya mjumbe inasema "Bondo Riders". Siku ya ukaguzi wa wajumbe, mtu akitaka kuwatoa atakuwa na sababu tatu mkononi. Andikeni jina lile lile, herufi kwa herufi, kila mahali.

Halafu tafuteni tarehe ya mwisho. Katiba nyingi za mashirikisho zinataka klabu iwe imelipa, au imekuwa mwanachama, kwa muda fulani kabla ya mkutano. Huenda msimu huu mkaingia kama wasikilizaji. Ni afadhali kulijua hilo leo kuliko kuligundua mlangoni.

---

Mhasibu_Kisumu

Naomba niingie kwenye uzito wa kura, maana hapo ndipo klabu za mbali na Nairobi hupotezwa.

Kuna mifumo miwili mikuu. Wa kwanza: kila klabu kura moja. Unaonekana wa haki, na ubaya wake ni klabu za mkoba, yaani cheti kipo, ada imelipwa, lakini haina gari, haina pikipiki, haijawahi kuandaa hata siku moja ya autokrosi. Wa pili: kura kulingana na shughuli, mathalani kura moja ya msingi, na nyongeza kwa kila shindano ulilolikamilisha msimu huo. Huu unatuza kazi, ila una mtego ambao wengi hawauoni.

Chukua mfano wa kubuni. Klabu 20. Nane zimepewa tarehe kwenye kalenda na kila shindano lina kura 2 za nyongeza. Nane hizo zina kura 3 kila moja, jumla 24. Zile 12 zilizobaki zina kura 12. Theluthi mbili za kura ziko kwa klabu nane, na aliyezipa tarehe ni kamati iliyo madarakani. Kalenda inageuka kuwa sarafu. Klabu ya Kisumu au Kakamega inayonyimwa tarehe mwaka huu inapoteza pato la shindano, na mwaka ujao inapoteza kura za kulalamikia kunyimwa huko.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mgombea yeyote: kalenda itagawanywa kwa kanuni gani iliyoandikwa? "Tutazingatia kanda zote" ni maneno ya jukwaani, mrudisheni hapo hapo. Tunataka kusikia kwamba maombi ya tarehe yatafungwa siku fulani, kila klabu itapewa alama kwa ripoti ya usalama ya shindano lililopita, madeni yaliyolipwa, na ukanda, na jedwali la alama litatumwa kwa klabu zote kabla kalenda haijapitishwa.

Kuhusu fedha, nitasema machache kwa sababu ni ya wazi. Hesabu zilizokaguliwa zifike kwa klabu kabla ya mkutano, zisisomwe ukumbini kwa dakika kumi. Fedha za Safari, hasa zile za umma, zisichanganywe na ada za klabu. Zikae akaunti mbali, na ripoti mbali. Mgombea akisema ataleta wadhamini, aulizwe: mkataba utasainiwa na nani, na asilimia ngapi itafika kwa klabu inayoandaa? Udhamini unaoishia kwenye jukwaa la kuanzia, na mashali (wasimamizi wa njia) wa Mau Narok hawajapata hata maji, haujatusaidia.

---

Gia_ya_Tatu

Mhasibu, huo mfano wa klabu 20 umenifungua macho. Ila kura moja kwa kila klabu nayo si dawa. Mtu mwenye pesa anaweza kusajili klabu sita kwa wiki mbili.

---

Mhasibu_Kisumu

Kweli. Ndiyo maana ninapendelea kura moja kwa klabu pamoja na sharti la uhai: uwe umeandaa, au umechangia wasimamizi wenye leseni, angalau kwenye mashindano mawili katika miezi 24. Kuchangia wasimamizi kuhesabiwe, maana klabu ndogo ya Bondo haiwezi kuandaa raundi ya taifa lakini inaweza kuleta mashali 12 waliofunzwa. Hapo klabu ya mkoba inaanguka yenyewe, na klabu changa ina njia isiyotegemea huruma ya anayegawa tarehe.

---

Mama_Redio

Wanangu, mmezungumza kura na pesa, sasa njooni kwenye mkondo. Mimi mgombea ningempa karatasi na kalamu, nimwambie: una mkondo wa kilomita 18 Elmenteita, nipangie usalama.

Akijua kazi atasema hivi. Mwanzo wa mkondo kuna redio, mwisho kuna redio, pale magari yanaposimama baada ya kumaliza kuna redio. Katikati, vituo vya redio visiachane zaidi ya kilomita 5 hivi, kwa hiyo kilomita ya 5, ya 10 na ya 15. Hivyo ni vituo sita kwa mkondo mmoja. Mikondo miwili ikiwa hai kwa wakati mmoja ni vituo 12, na kila kituo kina watu wawili, maana mmoja akikimbilia ajali mwingine lazima abaki hewani. Gari la matibabu linakaa mwanzo wa mkondo. Mkondo ukizidi kilomita 15, linahitajika jingine katikati, nalo liwe limeelekea upande magari yanakoelekea, kwa sababu halitaruhusiwa kurudi nyuma dhidi ya magari ya mbio.

Kisha magari ya sifuri: 000, 00 na 0, hupita kabla ya la kwanza. Yapo ili kuripoti. La 000 likiona umati umekaa nje ya kona, mkurugenzi wa mashindano aambiwe wakati bado kuna nafasi ya kuuhamisha. Mgombea anayedhani ni magari ya kupandisha wageni wa heshima, mwondoeni kwenye orodha yenu.

Huku kwetu kuna yanayoharibika kila mara, na kiongozi wa kweli atayataja bila kuulizwa. Boda boda zinaingia mkondoni kwa vichochoro vya ng'ombe ambavyo havimo kwenye ramani. Mashali wanaletwa asubuhi ile ile, wanapewa fulana, hawajui kibao cha OK kina maana gani na cha SOS kina maana gani. Redio zinajaribiwa hotelini mjini badala ya bondeni, na ukifika chini ya ukingo wa Bonde la Ufa hakuna anayesikika. Barua za kufunga barabara zimefika kwa polisi lakini hazijafika kwa chifu na wazee wa mtaa, na wao ndio wanaojua leo kuna mazishi au siku ya soko.

Muulizeni: atafunza mashali wangapi, wapi, na nani atawapa cheti? FIA ina mpango wa ruzuku kwa mashirika wanachama kwa kazi kama hii, lakini ombi lazima liandikwe, liwe na bajeti na ripoti ya matumizi. Kiongozi asiyejua kuandika ombi, au asiye na mtu wa kumwandikia, anatuachia pesa zikienda nchi nyingine.

---

Mkaguzi_Naivasha

Mama Redio amesema kweli tupu. Niongeze upande wa ukaguzi wa magari, maana kila uchaguzi hapakosi mgombea anayeahidi "kulegeza ukaguzi ili magari yaongezeke". Ahadi hiyo ni tamu na inaua watu.

Mikanda ya kiwango cha FIA 8853-2016 ina lebo inayoonyesha mwaka wa mwisho wa matumizi. Viti vya 8855-1999 ni miaka mitano tangu kutengenezwa, vya 8862-2009 ni kumi. Mitungi ya kuzima moto hukaguliwa kila miaka miwili. Helmeti lazima iendane na kifaa cha kushikilia shingo, kile cha HANS. Vifaa vingi vinavyofika hapa vimetumika Ulaya, na vinauzwa rahisi kwa sababu vimebakisha miezi michache au vimekwisha muda kabisa. Nyuzi za mkanda huchakaa kwa jua, jasho na vumbi hata kama rangi bado inang'aa. Siku ya kishindo mkanda unarefuka kuliko inavyotakiwa, na kichwa cha dereva kinafika kwenye bomba la keji, fremu ya chuma inayomkinga ndani ya gari.

Ni kweli kwamba kwa mashindano ya kitaifa shirikisho lina nafasi ya kuweka kanuni zake. Hapo ndipo busara ya kiongozi inapimwa. Mzuri atasema: kanuni ya msimu ujao itatangazwa miezi mingi kabla ya duru ya kwanza, itataja kifaa gani kinavumiliwa hadi lini na katika daraja gani, na klabu zitaagiza vifaa kwa pamoja ili gharama ya usafirishaji igawanywe. Mbaya atasema "tutaangalia", kisha asubuhi ya ukaguzi ampigie mkaguzi simu amwombe apitishe gari la rafiki.

Simu hiyo ndiyo kipimo changu. Mkaguzi na jopo la wasimamizi wa shindano hawapaswi kupokea amri ya mwenyekiti. Muulizeni mgombea mbele ya watu: gari la mfadhili wako limekataliwa saa tatu kabla ya kuanza, utafanya nini? Jibu sahihi ni fupi: sitafanya lolote, ana haki ya kukata rufaa kwa utaratibu.

---

SolaiMX

Naomba na sisi wa magurudumu mawili tukumbukwe. Kila uchaguzi tunaambiwa "motokrosi ni mustakabali", halafu muhula unaisha bila huo mustakabali kuonekana.

KMSF ni mwanachama wa FIA na pia wa FIM. Ni dunia mbili, kanuni mbili, leseni mbili, ukaguzi tofauti. Mgombea akizungumza saa nzima bila kutamka FIM, ametuacha nje. Mtoto anaanza na 50cc, anapanda 65cc, 85cc, kisha 125 na kuendelea. Akivuka daraja moja mzazi ananunua pikipiki nyingine, mavazi mengine, viatu vingine. Kalenda ikibadilishwa katikati ya msimu, familia ya Kisumu au Eldoret iliyopanga nauli na lori la kubebea pikipiki inapoteza raundi na alama.

Tunataka kujua mambo machache tu. Nani atakuwa mkuu wa tume ya pikipiki, na je, tume itakuwa na bajeti yake au itaomba kila kitu? Timu ya kwenda Motokrosi ya Mataifa ya Afrika itachaguliwa kwa alama za raundi zipi, na orodha itatangazwa lini? Njia yenyewe ikaguliweje: maruko yamejengwa kwa daraja gani la waendeshaji, na watoto wa 50cc wana njia yao au wanachanganywa na wakubwa? Na daktari awe uwanjani kabla ya mazoezi, si kabla ya mbio. Mazoezini njia bado ni ngeni na waendeshaji hawajaizoea.

---

Mwelekezi_Nakuru

SolaiMX, nimeyaandika yote. Na hilo la mkuu wa tume linanirudisha kwa jambo alilosema Wakili: FIA humchagua rais pamoja na orodha yake. Hata kama katiba yetu haidai orodha, sisi tudai. Mgombea ataje kabla ya kura nani atashika usalama, nani fedha, nani pikipiki, nani mafunzo. Mwenyekiti mmoja hawezi kujua kanuni za FIA, kuongea na wizara, kusoma mizania, na kupanga redio bondeni. Tunachagua timu.

Na timu hiyo isiwe ya wanaume watupu kwa kisingizio kwamba hakuna wanawake wanaojua kazi. Katiba ya Kenya, ibara ya 27(8), imeweka kanuni kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Mbali na sheria, Michèle Mouton alishinda raundi nne za ubingwa wa dunia, kisha FIA ikamkabidhi usalama wa mbio za dunia. Mama Redio hapo juu ametupa darasa la bure.

---

Mama_Redio

Asante mwanangu. Ila msiniweke kwenye orodha ya mtu bila kuniuliza.

---

Mdau_Bondo

Nina swali la mgongano wa maslahi. Mgombea akiwa na duka la vipuri, au mwanawe ni dereva, tumkatae moja kwa moja?

---

Mkaguzi_Naivasha

Hapana. Mchezo wetu ni mdogo, ukiwakataa wote wenye duka, gereji au mtoto anayekimbia hutabaki na mtu. Dai mambo matatu: atangaze kwa maandishi kabla ya kura, atoke chumbani jambo hilo likijadiliwa, na muhtasari uandike kwamba alitoka. Asiyetaka kuandika ndiye wa kuogopa.

---

Gia_ya_Tatu

Nimeanza kuona mantiki, ingawa bado nataka angalau makamu awe dereva au mwelekezi aliyekimbia hivi karibuni. Wakili, siku ya kura yenyewe tuangalie nini?

---

Wakili_Kakamega

Anzeni kabla ya siku hiyo. Klabu ikutane, ichague mjumbe na mbadala wake, muhtasari utaje majina na nambari za vitambulisho kama katiba inavyotaka. Barua isainiwe na mwenyekiti na katibu walio kwenye rekodi za Msajili. Hapa klabu nyingi huanguka: zilifanya uchaguzi wa ndani lakini hazikupeleka mabadiliko kwa Msajili, kwa hiyo saini iliyo kwenye barua haitambuliki. Au viongozi wamegombana na zinafika barua mbili za klabu moja, zote zinawekwa kando, na ukanda unapoteza kura. Peleka barua kwa mkono, gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, kisha tuma na kwa barua pepe.

Kura ya uwakala isomwe mapema. Mtu mmoja anaruhusiwa kubeba ngapi? Kama katiba haina kikomo, mtu mmoja anaweza kuingia na bahasha nane na uchaguzi ukaamuliwa mfukoni mwake.

Ukumbini, rejista ya wapiga kura isomwe kwa sauti na pingamizi zisikilizwe kabla ya hotuba. Akidi ihesabiwe na itamkwe kwa namba, kwa mfano "klabu 17 kati ya 24", na iingie kwenye muhtasari. Ukiambiwa tu "akidi imetimia", uliza namba. Anayesimamia asiwe mgombea wala mwajiriwa wa shirikisho. Sanduku lionyeshwe tupu. Karatasi zihesabiwe kabla na baada, zilizotumika na zilizobaki zilingane na zilizochapishwa. Kura zilizoharibika zionyeshwe kwa mawakala mmoja mmoja. Na katiba iseme kura zikilingana inakuwaje. Mwenyekiti anayetetea kiti chake asiwe ndiye mwenye kura ya kuamua.

Sasa jambo ambalo ningependa kila klabu ilisome leo usiku. Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo lipo kwa mujibu wa sheria hiyo hiyo ya 2013, lakini kifungu cha 58 kinasema linasikiliza rufaa dhidi ya uamuzi wa shirikisho pale ambapo kanuni za shirikisho zinaruhusu rufaa hiyo wazi, au pande zote zikikubali kwenda huko. Rufaa dhidi ya uamuzi wa Msajili nazo husikilizwa. Fungua katiba ya shirikisho utafute ibara ya mizozo. Kama haitaji uchaguzi, au inasema uamuzi wa kamati ni wa mwisho, mpinzani wako ataanza kwa kusema Jopo halina mamlaka, na mtatumia wiki za kwanza kubishana juu ya hilo peke yake.

---

Mdau_Bondo

Nimeifungua. Ibara ya mizozo ya katiba ya klabu yetu inasema "uamuzi wa mwenyekiti ni wa mwisho". Ya shirikisho bado sijaipata.

---

Wakili_Kakamega

Ya klabu rekebisheni kwenye mkutano ujao, kabla ya kuipeleka kwa Msajili. Ya shirikisho iombeni kwa barua kwa katibu mkuu, mtaje tarehe ya kujibiwa, na mhifadhi nakala. Msipojibiwa, ombeni kwa Msajili, kwa sababu katiba hiyo iko kwenye faili lake.

---

Mwelekezi_Nakuru

Wenye klabu za Nakuru, Kericho, Kisumu na Kakamega: napendekeza wagombea wote waalikwe Nakuru siku moja, ukumbi mmoja, wiki tatu kabla ya kura. Kila mmoja dakika 15 za hotuba na 30 za maswali. Swali la kilomita 18 la Mama Redio lifanywe ubaoni, papo hapo, bila msaidizi. Mhasibu alete mfano wake wa kalenda, Mkaguzi aulize la simu, SolaiMX ashike pikipiki. Nani ana ukumbi wenye ubao mkubwa karibu na stendi, ili wanaotoka Bondo wawahi matatu ya jioni?

---

SolaiMX

Ubao ninao, mita mbili na nusu kwa moja na robo. Nitaupakia kwenye lori la pikipiki.